Michezo mitatu kando ya Kivu: bidon, kaske na basketi

  

Tangu tuanze kupita barabarani na kaske kichwani, watu wa Goma wanatuuliza swali moja: mnatafuta nini? Wengine wanauliza kwa kucheka, wengine kwa hasira kidogo. Basi juma hili ukurasa wetu tunautoa kwa triatloni, mchezo ambao wamama kumi na wawili wa chama tunaufanyia mazoezi kwa mwezi wa tatu sasa. Tutasema tunafanya namna gani, vitu gani tumevijaribu, vipi vinafaa na vipi ni kutupa franga. Kuna pia jambo la kasha letu ambalo kila mwanachama atalipigia kura siku ya Posho, kwa hiyo msiishie katikati.

Triatloni ni michezo mitatu inayofuatana: unaogelea, unatoka majini unapanda kinga (wengine mnasema velo), unashuka kwenye kinga unakimbia. Saa inaendelea kuhesabu hata wakati unafunga viatu. Mchezo ulianza San Diego, Marekani, mwezi wa Septemba 1974, na mwaka 2000 ukaingia katika Michezo ya Olimpiki kule Sydney. Kipimo cha Olimpiki ni kuogelea kilomita 1.5, kinga kilomita 40, mbio kilomita 10. Mwanamke wa kwanza kuchukua zahabu yake ni Brigitte McMahon wa Uswisi. Sisi wa hapa tuliisikia karibu na masikio mwezi wa Agosti 2022, wakati Rubavu, hapo tu ng'ambo ya mpaka, walipofanya Ironman 70.3: kilomita 1.9 ndani ya ziwa letu hili hili, 90 juu ya kinga, kisha 21 kwa miguu. Hiyo 70.3 ni hesabu ya maili. Ukiigeuza inakuwa karibu kilomita 113.

Msiogope. Sisi tumejikatia kipimo chetu: mita 200 za maji tukifuata ukingo, kilomita 10 za kinga, kilomita mbili na nusu za mbio. Anayeshindwa mchezo mmoja anafanya miwili. Na yule anayesema amezeeka tunamtajia Sista Madonna Buder, mtawa wa Marekani, ambaye mwaka 2012 alimaliza Ironman nzima kule Kanada akiwa na miaka 82. Ironman nzima ni kilomita 3.8 za maji, 180 za kinga na 42 za mbio. Tangu tumsimulie, neno uzee halisikiki tena kwenye mazoezi. Magoti yanasikika.

Sasa tuanze na maji, maana hapo ndipo penye mambo.

Wengi wetu tulizaliwa tukilitazama Kivu na hatukujua kuogelea. Tangu tukiwa na miaka saba tunashuka ziwani na bidon ya manjano, tunachota, tunapanda. Kaka zetu walibaki wakiruka kutoka juu ya mawe. Sisi tuliitwa nyumbani, sufuria inangoja. Ndiyo sababu ziwa tunalijua mpaka kwenye magoti tu. Na bado wenye kupanda mashua kila juma kwenda Minova, Idjwi na Bukavu kutafuta maharagwe, mihogo na ndizi ni nani? Ni wamama.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu wakiiona kutoka ukingoni. Hakuna haja ya kusimulia. Kila avenyu ilikuwa na kilio chake. Hatusemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Mtu akinaswa ndani ya mashua, au akishikwa na watu watano kwa wakati mmoja, ufundi wake hautoshi. Lakini kati ya kufa papo hapo na kukaa juu ya maji dakika kumi mpaka pirogi ifike, kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo tunayoitafuta. Mwenye kutuuliza tunatafuta nini, sehemu kubwa ya jibu ni hiyo.

Tulianzia nyumbani, si ziwani. Unaweka maji safi katika beseni, unainama, unazamisha uso na kupuliza hewa yote kwa pua na mdomo, polepole, mpaka mapovu yaishe. Unainua kichwa kando, unavuta pumzi, unarudi. Watoto watacheka. Ufanye hivyo kila jioni kwa juma moja, maana kinachomchosha mwanafunzi si mikono, ni kuzuia pumzi. Hewa ikibaki kifuani unapoinua kichwa huna nafasi ya kuvuta nyingine, na hofu inaingia. Tena Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari. Pumzi hapa si ya kuchezea.

Baada ya beseni tunaingia majini mpaka kiunoni, si zaidi, na jambo la kwanza ni kulala chali. Masikio ndani ya maji, tumbo juu, macho mbinguni, mwenzako ameweka kiganja chini ya mgongo wako. Mama mmoja kati yetu, muuza sambaza, mwenye sauti inayosikika soko nzima, alilia mara tatu kabla mwili wake haujakubali kwamba maji yanambeba. Mara ya nne alikaa juu ya maji kama kipande cha ubao na akakataa kutoka. Kulala chali si sehemu ya mashindano, lakini kwetu ndiyo somo kubwa. Anayejua kulala chali anaweza kuchoka bila kuzama.

Saa ni muhimu. Mchana upepo unaamka na mawimbi yanakuja, kwa hiyo asubuhi ni bora. Lakini si alfajiri sana, na sababu yake ni mazuku. Wazee wetu walikwisha kutufundisha: hewa ile mbaya inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya mabondeni na kwenye mashimo kando ya ziwa, hasa usiku na asubuhi ambapo hakuna upepo, na haina rangi ya kukuonya. Upande wa Lac Vert na Mugunga mnajua visa vyake. Sisi tunangoja jua liwe limetoka vizuri, tunakwenda mahali palipo wazi panapopigwa na upepo, na hakuna mtoto anayeachwa achezee bondeni akitungoja. Kuhusu kolera: hatumezi maji ya ziwa, tunajisafisha kwa maji yaliyotiwa dawa tukitoka, na mwenye kuharisha anabaki nyumbani. Hilo halina mjadala.

Vitu vya majini. Miwani ya kuogelea tuliipata sokoni ya namna tatu. Dawa ya kuchagua ni hii: ibandike machoni bila kupitisha mpira wake kichwani, bonyeza kidogo, achia. Ikishika sekunde mbili tatu, inafaa sura yako. Ikianguka, iache hata kama ni ya bei kubwa. Itaingiza maji tu. Ikifanya ukungu, tema mate ndani, pangusa kwa kidole, suuza. Si adabu nzuri lakini inafanya kazi.

Kofia ya kuogelea ilituletea taabu kwa sababu ya misuko. Zile ndogo za mpira zimetengenezwa kwa nywele nyingine, si zetu. Ukivuta inapasuka au inang'oa. Hata wakubwa wa mchezo waligongana na jambo hili: mwaka 2021 shirikisho la kuogelea la dunia lilikataa kofia kubwa za Soul Cap, zilizotengenezwa kwa nywele kama zetu, zisivaliwe kwenye Olimpiki ya Tokyo. Watu walilalamika sana, na mwaka 2022 likazikubali. Hapa mjini hatujaziona. Tunafunga kitambaa chembamba kwa nguvu, na tumekubali kwamba nywele zitalowa. Kofia yoyote ile, nywele zinalowa.

Chombo tulichokipenda kuliko vyote ni bidon. Bidon tupu ya lita 20, kifuniko kimefungwa vizuri, inaweza kuinua karibu kilo 20, na mwili wa mtu ndani ya maji unahitaji kilo chache tu ili kichwa kibaki juu. Lakini ya lita 20 ni kubwa, upepo unaisukuma, na ukiivuta nyuma yako inakurudisha. Tulijaribu ya lita tano, ile ya mafuta ya kupikia, tukaifunga kiunoni kwa kamba ya mita moja na nusu. Vizuri sana. Inakufuata kama mbuzi mpole, inaonekana kutoka mbali, na ukichoka unaikumbatia. Kagua kifuniko kila mara. Na tusidanganyane: bidon si jile. Mtu aliyezimia hawezi kuikumbatia bidon.

Jile, sasa. Tuliazima nne tukazijaribu moja moja. Ufunge mikanda yote, kisha mwenzako ashike mabega ya jile na kuivuta juu kwa nguvu. Ikipanda mpaka kwenye masikio ni kubwa mno, na majini itakuponyoka. Ya mtoto lazima iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mtoto aliyevalishwa jile ya mtu mkubwa anateleza chini yake kama samaki. Kati ya zile nne, moja ilikuwa na povu lililovunjikavunjika ndani kama makombo ya mkate. Kwa macho ilionekana mpya kabisa. Uibonyeze kwa vidole kabla ya kulipa.

Kikwembe hapana. Tunakipenda, lakini kikilowa kinakuwa kizito na kinafunga miguu. Kolani na tisheti iliyobana vinatosha, na aibu inaisha mara ya pili. Jambo hili lihesabiwe pia na wale wanaosafiri kwa mashua: ukiketi, legeza fundo la kikwembe ili uweze kukitupa.

Kwa kinga tutasema machache. Njia zetu mnazijua: mawe ya volkano, vumbi jeusi, moto zisizotazama nyuma. Hatuendi mbali na mji, na kila mtu anajua sababu. Tulijaribu kinga mbili za kuazima, moja nzito ya chuma isiyo na vitesi, nyingine ya mtumba yenye mipira minene na vitesi. Ile nzito haiharibiki na kila fundi wa pembeni anaijua, lakini mlima mdogo tu unakushusha. Ya mtumba inapanda vizuri, ila freni zake zilitaka vipande vipya siku ya kwanza. Kiti kipime hivi: kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka. Wengi mnaendesha na kiti kilicho chini sana, kisha mnalalamika magoti. Sketi ndefu na mnyororo ni maadui.

Kaske ya moto ni nzito na ina joto. Tafuta ya kinga. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ushike kidevu, utikise kichwa isicheze. Ya mtumba ugeuze uangalie ndani: povu likiwa na ufa, kaske hiyo imekwisha kufanya kazi yake kwa mtu mwingine. Ile kaptura ya wapanda kinga yenye mto kwenye kalio tuliijaribu pia. Ni zawadi, kweli. Inavaliwa bila kitu kingine ndani, na majadiliano yaliyofuata habari hiyo hatuwezi kuyaandika katika gazeti la familia.

Mama mmoja aliuliza kama chukudu inaruhusiwa badala ya kinga. Sheria za mchezo zinasema hapana. Tunaona sheria hizo ziliandikwa na watu wasiowahi kufika Goma.

Ukishuka kwenye kinga na kuanza kukimbia, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Ni mizito, haisikii amri. Hiyo si ugonjwa. Ilikuwa imezoea kuzunguka, sasa unaiambia ipige hatua. Inapita baada ya dakika kadhaa, na dawa yake ni kuzoea: mara moja kwa juma tunapanda kinga kwa nusu saa, kisha papo hapo tunakimbia dakika kumi, polepole. Waliojaribu kuanza kwa kasi walisimama kabla ya kona ya kwanza.

Basketi nzuri ndicho kitu ambacho hatukubaliani kukibania pesa. Mawe yetu ya lava yanakata, na soli nyembamba unaisikia mpaka kwenye meno. Nunua jioni, wakati miguu imevimba kwa kusimama mchana kutwa. Kidole gumba kipate nafasi ya upana wa kidole kimoja mbele. Ya mtumba iweke mezani uitazame kutoka nyuma: kisigino kikiwa kimelala upande mmoja, mwenye mguu wa kwanza ameisha kuitengeneza kwa mwendo wake, na wewe utaumia kwa ajili yake. Sutia ya michezo inayobana vizuri ni ya lazima kama basketi, hasa kwa anayenyonyesha, na anyonyeshe kabla ya kuja. Atakimbia kwa raha zaidi. Mafuta ya vazelini kwapani na mapajani yanazuia kuchubuka.

Kuna jambo ambalo wamama wanatuambia pembeni tu, na tunaliweka hapa wazi: mkojo kutoroka wakati wa kukimbia au kuruka. Unatokea sana baada ya kuzaa, na si laana wala uchafu. Misuli ya chini inayoshika mkojo inaweza kufanyiwa mazoezi: ikaze kama unazuia mkojo, hesabu mpaka tano, legeza, rudia mara kumi, asubuhi na jioni, hata ukiwa unachambua sombe. Wakati huo tembea haraka badala ya kukimbia. Lakini kama mkojo unatiririka bila kukoma, au unasikia kitu kinashuka chini, usingoje mazoezi. Nenda ukaonwe na muuguzi au daktari. Mwenye mimba, na aliyezaa karibuni, aulize kwanza kwa mkunga wake.

Wababa wawili walituandikia wakiuliza kwa nini mwanamke wa watu aonekane na kolani barabarani. Tumewajibu kwa barua, kwa heshima. Hapa tunaongeza tu kwamba mmoja wao sasa anakuja kila asubuhi ya mazoezi kushika kamba ukingoni, na ndiye anayepiga kelele zaidi mtu akienda mbali.

Sasa kura. Kasha la mshikamano la AVEC yetu lina akiba, na kuna mapendekezo mawili. Wadogo zetu wanataka tununue kinga moja nzuri ya vitesi, ya chama, kwa sababu huwezi kuendelea na vitu vya kuazima vinavyorudishwa kila mwenye navyo akitaka kwenda sokoni. Hawasemi upuuzi. Kuna wasichana wawili hapa ambao wangeweza kushindana kweli, na bila kinga yao hawatafika. Pendekezo la pili ni kununua jile kumi, nane za wakubwa na mbili za watoto, zitumike kwenye mafunzo, na siku nyingine kila mwanachama anayepanda mashua aazime moja, aandike jina daftarini, airudishe ikiwa kavu. Pesa haitoshi kwa yote mawili mwaka huu.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tuko upande wa jile, na hatujifichi. Lakini kura ni ya siri, kikaratasi kimoja kwa kila mtu, na walio upande wa kinga watasema wa kwanza ili wasikilizwe kabla ya watu kuchoka.

Mkutano ni siku ya Posho saa tisa mchana, mahali petu pa kawaida. Mazoezi ni asubuhi ile ile, saa moja, jua likiwa limetoka. Anayeanza aje na bidon ya lita tano yenye kifuniko kizima, nguo za kubadili na kitu cha kula baadaye, maana maji ya Kivu yanaleta njaa. Binti kuanzia miaka kumi wanakaribishwa, kila mmoja na mtu mkubwa wake. Na yule aliyebeba miwani ya bluu juma lililopita, airudishe.